Biskuti za Daktari, Toleo la 1.0

Najua nimepotea hapa karibu miezi mitatu. Wale mlioniuliza kama nimeacha kuandika, jibu ni hapana, nilikuwa jikoni. Leo sitawaandikia kuhusu seva wala hifadhidata, ingawa mtaniona nikiteleza kurudi huko mara kwa mara kwa sababu ndiyo lugha niliyozoea. Nataka kuwasimulia nilivyojifunza kuoka biskuti na kuzituma kutoka Nairobi hadi Turkana, na kilichonipata baadaye.

Mwenzangu ni muuguzi. Namwita Daktari kwa utani, kwa sababu kule anakofanya kazi kila aliyevaa koti jeupe ni daktari. Yeye huniita Fundi. Mama yake akiulizwa mkwe mtarajiwa anafanya kazi gani husema "anatengeneza kompyuta", na mimi nimechoka kueleza kwamba ya kwangu ikiharibika naipeleka kwa fundi kama watu wengine.

Mwaka 2023 alipata ajira ya kudumu katika Kaunti ya Turkana, akapelekwa kwenye zahanati moja upande wa Lokitaung, kaskazini mwa Lodwar. Mliosoma historia mnaikumbuka Lokitaung. Huko ndiko wakoloni walikowafunga Mzee Kenyatta na wenzake baada ya kesi ya Kapenguria mwaka 1953, wakiamini ni mbali kiasi kwamba hakuna atakayewafuata. Si mahali pabaya, lakini wakoloni walijua kupima umbali.

Kwa nini asiombe tu uhamisho? Kila mtu hutuuliza hivyo. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, huduma nyingi za afya ziko chini ya kaunti. Zamani muuguzi alikuwa wa wizara, na wizara ingeweza kumtoa Turkana ikampeleka Machakos. Siku hizi kila kaunti ni mwajiri wake, na kuhama moja kwenda nyingine ni shughuli ndefu ambayo mara nyingi huishia kwa mtu kuacha kazi na kuanza kutafuta upya. Kazi ya kudumu yenye pensheni hapa kwetu si kitu cha kutupa. Basi akaenda, tukaapa kwamba simu zitatutosha.

Simu zilitutosha kama miezi minane.

Simu inayosahau

Wale wanaotengeneza tovuti wanajua kwamba itifaki ya HTTP haina kumbukumbu. Kila ombi linalofika kwenye seva ni geni, kana kwamba seva haijawahi kukuona. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape alibuni vile vijifaili vidogo ambavyo Google kwa Kiswahili huviita vidakuzi, na ambavyo Wamarekani huviita kwa jina lile lile la biskuti. Seva hukupa kimoja, kivinjari chako hukitunza, na ukirudi kesho unakionyesha. Seva inasema, kumbe ni wewe.

Simu zetu zilikuwa HTTP bila kidakuzi. Kila usiku tulianza upya. Umekula? Nimekula. Kazi? Iko sawa. Mtandao unakatika. Unanisikia? Nakusikia. Haya, lala salama. Kesho yake tena, maneno yale yale kwa mpangilio ule ule. Ungeweza kuandika programu ya mistari kumi ichukue nafasi yangu na sidhani kama angegundua kabla ya wiki kuisha.

Usiku mmoja akaniambia, bila hasira, na hiyo ndiyo iliyoniumiza: "Fundi, mimi nimechoka kuwa na mchumba anayekaa ndani ya simu."

Nilijitetea, bila shaka. Nikamkumbusha bando ninalomnunulia kila wiki, na M-Pesa ninayotuma kila mwisho wa mwezi, na filamu nilizompakulia. Akanyamaza. Baada ya kukata simu nikafikiria orodha yangu. Kila nilichowahi kumtumia hakikuwa na uzito wala harufu, na kilifika kwa sekunde moja nikiwa nimekaa kitini. Nikasema, safari hii nitatuma kitu ambacho kitanichosha.

Toleo la 0.1: chokoleti

Nilianza kama tunavyoanza sote, nikanakili kitu kutoka mtandaoni. Ilikuwa biskuti ya Kimarekani yenye vipande vya chokoleti, ile iliyobuniwa na Ruth Wakefield katika nyumba yake ya wageni huko Massachusetts miaka ya 1930. Oveni yangu ni ndogo ya umeme, inakaa juu ya meza, lakini zilitoka nzuri sana. Jirani alibisha mlango kwa sababu ya harufu.

Tatizo ni kwamba siagi ya kakao iliyo ndani ya chokoleti huyeyuka karibu na nyuzi 34. Mdomo wa binadamu una nyuzi 37, ndiyo maana chokoleti hupotea ulimini kwa utamu. Buti ya basi linalopita Turkana saa saba mchana nayo ina joto la kutosha kabisa. Chokoleti iliyeyuka, ikashika kila kitu, halafu usiku ikaganda. Daktari alinitumia picha ya kitu kama tofali. Chini yake akaandika: "Hii ni ya kula au ya kujengea?"

Alicheka, hata hivyo. Ilikuwa mara ya kwanza kwa wiki nyingi kunitumia picha ambayo sikuiomba.

Toleo la 0.2: mvuke

Nikaondoa chokoleti. Safari hii kosa lilikuwa la haraka. Ofisi ya vifurushi ya lile basi hufunga jioni, na mimi nilitoka kazini nimechelewa. Nikazitoa biskuti kwenye oveni, nikazisubiri dakika tano, nikazifunga kwenye mfuko wa plastiki, nikaruka juu ya boda boda.

Biskuti inayotoka kwenye oveni bado inapumua, na mvuke hauna haja na ratiba yako. Ukiufungia ndani, unageuka matone, matone yanarudi kwenye biskuti, biskuti inakuwa laini, na baada ya siku nne za joto inaota ukungu. Sasa najua kwamba zinataka kupoa saa moja na nusu juu ya waya, hewa ikipita juu na chini, mpaka ukiweka kiganja usisikie joto hata kidogo.

Daktari hakuzila. Aliniambia angempa mgonjwa barua ya kupelekwa hospitali kubwa kama angekula zile.

Toleo la 0.3: unga

Nikafanya nyembamba na kavu kabisa. Hazikuyeyuka wala hazikuota kitu. Zilifika zikiwa unga.

Nielezee njia. Basi linatoka Nairobi jioni, linafika Kitale, linapita karibu na Kapenguria, kisha linateremka kwenye joto hadi Lodwar. Barabara hiyo ilijulikana kwa mashimo kwa miaka mingi, na ingawa sehemu kubwa imetengenezwa, bado ni safari. Lodwar kifurushi kinachukuliwa na Land Cruiser inayopeleka watu na magunia kaskazini. Kuanzia hapo ni mchanga, mawe, na ile mito mikavu ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Mvua ikinyesha milimani laga inajaa ghafla, na gari linasubiri ng'ambo mpaka maji yapungue, iwe saa mbili au siku mbili.

Hakuna tovuti ya kufuatilia kifurushi kwenye njia hiyo. Unaandika jina na namba ya simu kwa kalamu nene, unapewa risiti, unaipiga picha na kuituma kwa WhatsApp pamoja na namba ya gari na namba ya dereva. Kisha unakaa na kuomba Mungu. Mwaka 1990 mhandisi mmoja aliandika kwa mzaha kanuni ya kutuma data za intaneti kwa njiwa, inaitwa RFC 1149. Mwaka 2001 kikundi cha watumiaji wa Linux huko Bergen, Norwe, waliijaribu kweli. Walituma pakiti tisa, majibu manne yakarudi. Nilikuwa nikiisoma habari ile kama kichekesho. Baada ya toleo la 0.3 niliwaonea njiwa wale huruma, maana mimi nilikuwa nimetuma tatu na hakuna hata moja iliyofika salama.

Nikataka kuacha. Nikampigia shangazi yangu Mombasa.

Shangazi

Daktari alikuwa amekula biskuti za shangazi mara moja tu, nilipompeleka nyumbani kumtambulisha. Ni zile za samli na iliki. Shangazi huzioka kwenye sufuria, moto chini, na juu ya kifuniko anapalia makaa. Siku ile Daktari alikula nane, na shangazi alizihesabu, akaniambia pembeni huyu ni mtu.

Nilipomweleza shida yangu, shangazi alicheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, wewe unatuma keki halafu unashangaa ikivunjika. Biskuti ni chakula cha safari. Babu yako alikuwa akienda nazo chomboni."

Nikaenda kutafuta, na kweli. Neno lenyewe, lililotufikia kupitia kwa Waingereza, asili yake ni Kilatini na maana yake ni kitu kilichopikwa mara mbili. Mabaharia wa Ulaya waliishi kwa biskuti kavu miezi mingi baharini. Kinachoharibu chakula ni maji, kwa hiyo unaoka mara ya kwanza ili kiive, na mara ya pili ili kikauke. Na samli nayo ina sababu yake. Siagi ya kawaida ina maji kama asilimia 16. Samli ni mafuta karibu matupu, maji yake yameshachemka yakaondoka. Shangazi hakuwahi kusoma habari hizi popote.

Jambo moja ambalo hakulijua ni mwinuko. Mombasa iko usawa wa bahari. Nairobi iko juu karibu mita 1,700, hewa ni nyepesi, na maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Gesi ya hamira ya unga inatanuka zaidi, biskuti inavimba, kisha inapasuka. Kipimo chake cha Mombasa kilinipa biskuti zenye nyufa. Nikapunguza hamira nusu, zikatulia.

Toleo la 1.0

Hii hapa kwa anayetaka:

- Unga wa ngano gramu 250
- Samli gramu 120
- Sukari iliyosagwa gramu 100
- Yai moja
- Hamira ya unga robo kijiko cha chai (ukiwa pwani weka nusu)
- Iliki iliyotwangwa nusu kijiko cha chai, na chumvi kidogo

Piga samli na sukari mpaka viwe vyeupe, tia yai, kisha unga na vingine. Usikande kama chapati, kusanya tu. Tengeneza vidonge vidogo, upana wa sentimita nne, unene wa sentimita moja na nusu. Ndogo na nene havunjiki ovyo. Pana na nyembamba ndizo zinazovunjika. Oka kwa nyuzi 165 kama dakika 20. Zipoe. Kisha rudisha kwenye oveni kwa nyuzi 100 kwa dakika 20 nyingine. Zipoe tena, safari hii kwa subira.

Kufunga ni nusu ya kazi. Chukua mkebe wa bati wa maziwa ya unga, uoshe na ukaushe kabisa. Panga biskuti zikiwa zimesimama kwa ubavu, kama sarafu, mbili mbili zikipeana mgongo, kila safu imefungwa karatasi. Mapengo yote jaza bisi zisizo na chumvi wala mafuta. Bisi ni nyepesi, zinabonyea bila kuvunja, na mpokeaji anaweza kuzila. Funga, tikisa karibu na sikio. Ukisikia chochote, fungua ujaze tena.

Kisha jaribu. Sisi hatupeleki programu kwa mteja bila majaribio, kwa nini biskuti? Niliangusha mkebe kutoka mezani mara sita. Nikamlipa jamaa wa boda boda ninayemjua auzungushe mtaani kwenye matuta asubuhi nzima huku akiendelea na kazi yake. Aliurudisha akauliza kuna nini humo, nikafungua. Moja tu ilikuwa imevunjika, nikampa ile pamoja na nyingine tatu nzima.

Nikaoka upya, nikatuma siku ya Jumatano. Jumamosi mchana simu ikaita, ya video. Aliweka mkebe mbele ya kamera, akafungua kifuniko bila kusema neno, akachukua moja, akaila yote. Nilisikia ikivunjika kwa sauti, ule mvunjiko mkavu. Akachukua ya pili.

"Za shangazi," akasema.

"Zangu," nikasema.

Hatukuulizana kama tumekula.

Jibu

Kwetu chombo cha mtu hakirudishwi kitupu. Wiki mbili baadaye nikapigiwa simu na ofisi ya vifurushi nikachukue mzigo. Ulikuwa mkebe ule ule. Ndani mlikuwa na samaki wakavu wa Ziwa Turkana, wamepangwa kwa ubavu, mbili mbili zikipeana mgongo, na mapengo yamejazwa kwa pamba ya zahanati. Jamaa niliokuwa nao kwenye matatu walinitazama vibaya njia nzima. Mkebe wenyewe haukufaa tena kwa biskuti, hata baada ya kuoshwa kwa limau na magadi.

Chini ya samaki kulikuwa na karatasi, mwandiko wake ule wa haraka wa kuandikia kadi za wagonjwa:

"Fundi, zimefika zote 40, nzima. Kama biskuti zinafika, wewe unashindwaje?"

Nilisoma nikiwa nimesimama jikoni. Nikacheka kwanza. Kisha nikakaa chini.

Miaka hiyo yote yeye alikuwa amekuja Nairobi mara tano. Mimi nilikuwa nimeenda kwake mara ngapi? Sifuri. Sababu nilikuwa nazo nyingi, na zote za maana: kazi, tarehe ya kukabidhi mradi, barabara, usalama, mtandao, joto. Nilikuwa na sababu nzuri za kutosha kujaza mkebe bila pengo. Lakini nilikuwa nimetumia miezi mitatu kuchunguza kila hatua ya njia ile. Nilijua saa za basi, jina la dereva wa Land Cruiser, laga ipi hujaa kwanza. Hakuna mtu Nairobi aliyeijua njia ya kwenda kwake kuliko mimi. Nilikuwa nimetatua safari ya biskuti ili nisitatue yangu.

Kwa kawaida hitilafu ngumu huwa hivyo. Unarekebisha pale unapopaona, na programu inaendelea kuanguka, kwa sababu tatizo liko kwenye kitu ambacho hukutaka kukigusa.

Nilikata tiketi mwezi uliofuata. Nilioka mara mbili ya kipimo, nikanunua mkebe mpya, nikaupanga kwa kanuni zangu zote, nikaushika mapajani mwenyewe. Baada ya Kitale nilisinzia, mkebe ukaanguka, kifuniko kikafunguka, na kijana aliyekaa nyuma akaukanyaga alipokuwa akishuka kujinyoosha. Tulizila zilizovunjika pamoja, mimi, yule kijana, mama mmoja mwenye mtoto, na kondakta. Nilifika Lokitaung nikiwa na vumbi mpaka kwenye kope, na biskuti kumi na moja.

Hakuzihesabu.

Tulikaa siku tisa. Mtandao wa pale si mzuri sana, lakini asubuhi na mapema unatosha kusukuma msimbo na kujibu barua pepe, jambo ambalo ningeweza kulijua miaka miwili iliyopita kama ningeuliza. Hatujaamua lolote kubwa. Yeye hajaacha kazi yake, mimi sijahama Nairobi. Tumekubaliana kitu kimoja tu: kila baada ya wiki sita mmoja wetu anapanda gari, na ni zamu. Simu bado tunapigiana, lakini sasa zina kitu cha kukumbuka.

Haya, narudi kazini, nimelimbikiza mengi. Wiki ijayo nitaandika lile somo la hifadhidata nililowaahidi. Na kama kuna anayejua namna ya kuondoa harufu ya samaki kwenye bati, tafadhali, nauhitaji ule mkebe. Ndio uliofika.